Ndugu Wawili wa Mlimao Mmoja

Likizo ile niliimalizia Najjembe kwa mjomba, pembezoni mwa msitu wa Mabira. Mjomba alikuwa dereva wa malori ya Mombasa na mkewe alitoka Busia, kwa hiyo nyumbani mle kiliongewa Kiswahili.

Asubuhi moja kipepeo mweusi mwenye mabaka meupe alitoka msituni, akatua kwenye mlimao nyuma ya jiko. Anagusa jani kwa ncha ya tumbo, anahama, anagusa jingine. Kila alipogusa palibaki yai, dogo kama punje ya ulezi. Nikafunga uzi mwekundu kwenye tawi lile, nikalivika kipande cha chandarua.

"Mjomba," akaniambia, maana ndivyo tulivyoitana, "hao watanimalizia majani." Lakini hakuwagusa.

Viwavi walianguliwa wakiwa wa kahawia. Walivyozidi kujivua ngozi wakawa kijani. Ukimchokoza mmoja kwa kijiti, pembe mbili laini zachomoza nyuma ya kichwa na harufu kali yakupiga puani. Baadaye walijifunga mshipi wa hariri kiunoni, wakageuka pupa, yaani hali ya kutulia kabla ya kuwa kipepeo, za kijani, bapa, ambazo ungeapa ni majani.

Wa kwanza kutoka alikuwa mama yake mtupu. Wa pili ndiye aliyetukusanya. Pupa ilipasuka, akajivuta nje mabawa yakiwa mabichi, yamejikunyata. Akaning'inia, tumbo likipwita, maji ya mwili yakisukumwa kwenye mishipa ya mabawa hadi yakakunjuka yote: rangi ya manjano, kingo nyeusi, na mkia kwenye kila bawa la nyuma!

Jirani aliyekuja kuomba ndimu akasema nimechanganya aina mbili. Nikamwonyesha uzi.

Wote wawili ni aina moja ya kipepeo, Papilio dardanus. Dume ni manjano mwenye mikia. Majike wa kwetu Uganda hawana mikia, na wengi huiga sura ya vipepeo wenye sumu. Yule aliyetaga kwenye mlimao alimwiga mmoja wa hao wenye sumu, Amauris niavius, ambaye ndege humkwepa. Hata wataalamu wa Ulaya waliwahesabu kuwa aina mbalimbali, hadi mtaalamu wa wadudu Roland Trimen alipoeleza mwaka 1869 kwamba ni wamoja. Kwangu hakuna kiumbe wa Mabira anayemshinda huyu.

Jirani hakusadiki. Mjomba, aliyekuwa akiyalilia majani yake, akamwambia arudi mwezi ujao ajionee mwenyewe: tawi la chini lilikuwa na mayai mengine, na uzi atafunga yeye.