Hunilaza

Wapendwa katika Bwana, neno tunalolitafakari juma hili ni fupi, na wengi wetu tulilikariri tangu shule ya Jumapili: "Katika malisho ya majani mabichi hunilaza, kando ya maji ya utulivu huniongoza" (Zaburi 23:2). Mimi nililisoma upya mwezi wa Agosti nikiwa kambini katika safu ya milima ya Brooks, kaskazini mwa Alaska, nilipofuatana na mzee mmoja wa kanisa letu kuwinda kondoo wa milimani, na kwa mara ya kwanza nikakwama kwenye kitenzi chenyewe. Daudi hakuandika kwamba analala. Aliandika kwamba analazwa.

Kwa wasiomjua mnyama huyu, kondoo wa Dall ni kondoo mwitu mweupe mwili mzima, anayeishi kwenye magenge ambako mbwa mwitu na dubu hupata shida kumfuata. Kumfikia ni kazi ya siku nyingi: ndege ndogo yenye matairi mapana hukushusha kwenye changarawe kando ya mto, ikaondoka, na kuanzia hapo kila unachokihitaji, kuanzia hema na bunduki hadi chumvi, unakibeba mgongoni. Msimu kwa sehemu kubwa ya Alaska hufunguliwa tarehe 10 Agosti na kufungwa tarehe 20 Septemba, kwa hiyo mwindaji hufika akiwa na haraka, kwa sababu likizo yake ni fupi na theluji haiko mbali.

Ndipo sheria inapomketisha. Aliyeshushwa porini kwa ndege ya namna hiyo haruhusiwi kuwinda siku hiyo hiyo. Ni lazima angoje hadi saa tisa za usiku wa kuamkia siku inayofuata. Tulishuka mchana, na kabla hatujamaliza kusimamisha hema niliona nukta tano nyeupe zikitembea juu kwenye mteremko. Moyo ulinienda mbio. Nilitaka angalau tusogee, tupande kilima cha kwanza, tufanye jambo lolote. Mzee alikuwa amekwisha kuketi juu ya jiwe, akifungua kamba za buti zake taratibu, tundu moja baada ya jingine. Akavua soksi, akazifua katika kijito, akazikamua na kuzitandaza juu ya mawe yenye jua, kisha akatumbukiza miguu yake majini na kuiacha humo mpaka vidole vikawa vyekundu kwa baridi. "Mwanangu, keti," aliniambia. "Leo tumelazwa."

Nilikaa kwa sababu ya heshima, wala si kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Ninafanya kazi ya zamu katika nyumba ya kutunzia wazee, mara nyingi usiku, na wengi mnaosoma hapa mnayajua maisha hayo ya kulala kwa vipande na kula mkiwa mmesimama. Mwili wangu ulikuwa umefika mlimani, lakini ndani yangu zamu ilikuwa inaendelea. Kidole gumba kilikuwa kikiitafuta simu mfukoni, mahali ambapo hapakuwa na mtandao wowote. Hata chakula cha kukaushwa, ambacho hutiwa maji ya moto ndani ya mfuko wake na kuachwa robo saa, nilikuwa nakifungua kabla ya wakati na kukitafuna kikiwa bado kigumu. Mzee alikuwa akiushika mfuko wake kwa mikono miwili, akiuweka tumboni chini ya koti ili umpashe joto, na kungoja.

Siku ya pili ilikuja mvua, ikageuka theluji nyepesi, na ukungu ukashuka hadi mlangoni mwa hema. Tulifungiwa humo siku mbili. Nakiri kwamba saa za kwanza nilinung'unika moyoni, nikihesabu siku za likizo zinavyopotea. Baadaye usingizi ulinichukua, nikalala mchana wote, nikaamka kunywa chai ya tangawizi na kulala tena, na nilipoamka mara ya pili nilisikia kitu ambacho sikukisikia kwa miezi mingi, yaani pumzi yangu mwenyewe. Kumbukeni nabii Eliya chini ya mti wa mretemu. Alikuwa amekata tamaa hata akaomba afe, na malaika hakumpa hotuba. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamgusa mara ya pili: "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako" (1 Wafalme 19:7). Ile sauti ndogo ya utulivu aliisikia baadaye, alipokuwa amekwisha kulala na kula.

Katika siku hizo mbili mzee alinisimulia utoto wake, alivyochunga mbuzi na kondoo milimani huko Kivu ya Kusini. Alisema mchungaji mjinga huswaga mifugo kutwa nzima akidhani anaishibisha, lakini mchungaji anayejua kazi yake, jua likipanda, hutafuta kivuli na kulitua kundi, kwa sababu majani yaliyomezwa bila kucheuliwa hayajawa chakula bado. Niliposikia hivyo nilifikiri mahubiri yote niliyoyameza mwaka huu nikiwa ndani ya gari, nikielekea kazini, huku lingine likinisubiri baada ya hilo. Malisho sikuyakosa hata siku moja. Nilikosa kulala chini nikacheua. Naona hapo ndipo wengi wetu tunapodhoofika, nasi hukimbilia kutafuta malisho mengine.

Asubuhi ya nne anga ilifunguka. Tulipanda, tukaweka darubini juu ya miguu yake mitatu, na tukawaona madume wale watano wamejilaza kwenye ukingo wa genge, kila mmoja ametazama upande wake, taya zikizunguka polepole. Walikuwa wanacheua. Tulilala kifudifudi tukiwatazama kwa saa nne bila kusogea, na ilitupasa kufanya hivyo, kwa maana sheria hairuhusu kupiga dume yeyote tu: pembe moja iwe imetimiza mzunguko kamili, au zote mbili ziwe zimevunjika ncha, au mnyama awe na umri wa miaka minane kwa hesabu ya pete za pembe zake. Yule mkubwa kwa jicho langu alikuwa ametimiza. Mzee alitazama, akapumzisha jicho, akanywa maji, akatazama tena, akasema ncha imepungua kiasi cha upana wa vidole viwili. Nilipotazama kwa utulivu niliona ni kweli. Ningekuwa na jicho la siku ile ya kwanza, ningemwua mnyama ambaye hakuwa halali yangu, na nilirudi kambini nikimshukuru Mungu kwa mvua ile niliyoinung'unikia.

Siku ya sita, katika bonde jingine, tulimpata dume mzee aliyetimiza. Sheria inaamuru nyama yote inayolika ibebwe, nasi tuliibeba kwa safari mbili, tukaihifadhi mbali na hema kwa kuhofia dubu. Usiku huo, ingawa ilikuwa karibu saa tano, mwanga ulikuwa bado haujaisha kwenye vilele. Tulikaanga vipande vya mgongo katika kisufuria kidogo, kwa chumvi tu na mafuta ya mnyama mwenyewe, na sikufungua kifuniko kabla ya wakati.

Tulipoingia hemani mzee alianza kuomba. Alimshukuru Mungu kwa mnyama, kwa magoti yake yaliyostahimili, akawataja wagonjwa wa kanisa mmoja mmoja kwa majina yao, kisha akafika kwa watoto wangu, na hapo maneno yakaanza kuchelewana, yakakatika. Nilidhani anatafuta neno. Alikuwa amelala, mkono mmoja bado umeinuliwa kidogo juu ya mfuko wa kulalia. Nikaushusha mkono wake, nikaufunika, nikasema Amina kwa niaba yake, nikazima taa.