Siku moja maishani mwangu: fundi saa na tramu ya mzee baharia

Saa 1:30 asubuhi nafungua kibanda changu Ngamiani, nafuta kioo cha meza, natandika kitambaa cheupe. Mpaka saa 4 nimebadili betri tano na kukata mkanda mmoja. Hakuna la kusimulia hapo.

Ukinikuta nimeinama, lenzi jichoni, feni imezimwa na jasho linachuruzika, usidhani luku imeisha. Feni inapeperusha skrubu za saa kama pumba. Na joto la Tanga la mwezi wa pili mnalijua.

Saa 4 na kitu anaingia mzee mmoja, baharia mstaafu, na boksi la viatu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii utaiweza?"

Ndani ya kipande cha kanga kuna tramu ndogo, urefu wa kalamu, nyekundu chini, rangi ya maziwa juu. Kwa asiyeijua, tramu ni treni ya umeme inayopita katikati ya mji. Reli zake zimelala barabarani, na umeme inauchukua kwenye waya wa juu. Mzee aliinunua Hamburg enzi zake za melini. Tramu zenyewe kule ziliondolewa mwaka 1978. Yake ndogo ndiyo imebaki, nayo imegoma, na wajukuu wanataka kuiona ikitembea.

Kijana aliyekuwa akisubiri betri akacheka: "Fundi, siku hizi na midoli?" Nikapima nafasi kati ya magurudumu: milimita 16.5. Nikamwambia azidishe kwa 87, maana tramu hii imepunguzwa mara 87. Simu yake ikatoa 1435 na ushei, upana wa reli nyingi za Ulaya kwa milimita. Reli yetu hapa Tanga ni 1000. Akalipa, akaondoka kimya. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Ugonjwa wa kwanza ulikuwa mwepesi. Tramu ndogo kama hii, umeme hupandia kwenye magurudumu, si kwenye waya wa juu, na grisi ilikuwa imeyagandia, nyeusi tii. Spiriti na pamba zikamaliza. Kwenye gia palikuwa na unywele mrefu mweupe umejizungusha. Nikauchomoa kwa kibano, sikuuliza wa nani. Nikaazima betri ya bodaboda ya jirani, volti 12, nikagusisha nyaya. Ikanguruma. Mzee akapiga makofi, mimi nikaanza kuwaza chakula cha mchana.

Kumbe mkono wa juu, ule unaogusa waya, haunyanyuki. Springi yake imeliwa na kutu.

Springi ya namna hiyo Tanga hii hupati dukani. Lakini ndani ya pini ya mkanda wa saa mna springi nyembamba kama ukope. Nikavunja pini moja, nikaitoa, nikakunja ncha zake ziwe ndoano. Ndoano ya kwanza ikashika. Ya pili, nilipoivuta, tik! Ikaruka.

Adhana ya adhuhuri ilinikuta nimepiga magoti. Nimefagia sakafu yote juu ya karatasi nyeupe, nachambua vumbi kama mtu anayechagua mchele: vijiti vya kiberiti, mguu wa mende, skrubu niliyoipoteza tangu Ramadhani. Springi hakuna. Mzee, kwa nia njema kabisa, anasaidia kutafuta kwa kanzu na makubazi, kila hatua naona anaikanyaga. "Umeiona?" Bado mzee. "Sasa je?" Katikati ya hayo akaja mama mmoja kugombea saa yake ya ukutani, ambayo nilimwambia ni Ijumaa, na leo Jumatano.

Nikavunja pini nyingine. Ilikuwa ngumu mno, mkono ukaruka juu kama panzi. Ya tatu nikaivuta kidogo ilegee. Sijui ilikuwa saa ngapi; chai ilishapoa na shingo ilikuwa kama ubao. Mkono ukapanda taratibu, ukasimama.

"Elfu kumi na tano, mzee."

"Kwa kispringi hiki?"

Tukaishia kumi na mbili. Alikifunga kile kitu kwenye kanga kama anafunga mtoto.

Nyumbani, baada ya magharibi, nikavua suruali nikakung'ute vumbi. Kwenye pindo la mguu wa kushoto, kitu kikang'aa: springi ya kwanza, na ndoano yake.