Kula ndani ndani: Mkuyuni hadi Buhongwa

Ukishuka kwenye basi la mkoani una njaa, jikaze kidogo. Stendi yoyote ile, si yetu tu, chakula kipo tele na kuna kijana wa kukuvuta mkono hadi kwenye kiti. Ila anayekupakulia anajua fika kwamba baada ya saa chache utakuwa umeshafika kwenu, na hata kuku akiwa wa juzi hutarudi kumgombeza. Panda bodaboda, mwambie akuingize ndani, huko lami inakoishia na mawe yanakoanza.

Mimi nasambaza madaftari na sare za shule kwenye maduka ya upande huu wa Mwanza unaoelekea Shinyanga: Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, mpaka Buhongwa. Kazi yenyewe ni kushusha mzigo na kudai madeni, na wenye maduka wengi hawataki kusikia habari ya deni kabla hawajala. Basi na mimi nakula. Mjini katikati sili sana, kule kila mtu ana haraka na wali unakuja umeshafunikwa plastiki.

Kanuni yangu ni kula kwa mpishi ambaye kesho atakutana na wateja wake bombani. Mama lishe wa mtaani anawapikia watu anaokaa nao kwenye kikoba, anaoimba nao kwaya, na ambao watoto wao wanasoma na wa kwake. Akiharibu mchuzi leo, kikao kijacho wataanza na mchuzi kabla ya kusoma hesabu. Hakuna ofisi ya ukaguzi inayoweza kufikia ukali huo.

Ninapoenda mara nyingi ni Mkolani, kwenye kibanda kilichoegemea jiwe. Nasema jiwe, watu wa mikoa mingine wanafikiria kokoto. Hili ni kubwa kuliko nyumba, na ndilo ukuta wa nyuma wa jiko. Moshi umelipaka weusi hadi juu, na pale juu ambako moshi haufiki ndipo anapoanika sahani. Paa ni bati, pembeni kuna turubai la kampeni ambalo mgombea wake sura imeshafutika na jua. Mabenchi, dumu la koki la kunawia, na sabuni iliyofungwa kamba isiibiwe.

“Mwadela, mayu,” namsalimia mpishi kwa Kisukuma; mayu ni mama.

“Mwadela. Leo umekuja na madaftari au na njaa?”

Sato wake hakaangi asubuhi akamrundika kwenye kabati la kioo. Anakuletea beseni ukachague akiwa mbichi. Anafunua tamvua kwa kidole gumba, na kama ni jekundu anakuachia useme ndiyo. Kama limeanza kuwa la kahawia, mwenyewe anamrudisha chini bila maelezo. Kisha anamchanja pande zote mbili, chumvi na ndimu vinaingia mle kwenye michanjo, anamwacha atulie wakati anasonga ugali. Mafuta yakishapata moto anamlaza taratibu kuanzia kichwani, na anamgeuza mara moja tu. Mkia unatafunika wote. Ugali ni dona lililochanganywa na unga wa muhogo, mzito, ukiubonyeza unabaki na alama ya kidole. Sato mdogo shilingi 3,500, mkubwa 6,000, na mlenda hauhesabiwi.

Hapo kwenye benchi ndipo nilipouelewa mgogoro wa vizimba. Siku hizi sato wengi sokoni wanalingana ukubwa kabisa, maana wamefugwa ziwani kwenye vizimba, wamelishwa chakula cha kununua na kuvuliwa kwa pamoja. Fundi seremala anayekula pale kila siku anaapa kwamba wa kizimba hana ladha. Mwenye bodaboda anamuuliza kama aliwahi kumla amefumba macho. Mayu yeye haingii kwenye ugomvi wa wateja, ila ukimkuta peke yake anakwambia wa kizimba ana mafuta zaidi, na wa ziwani nyama yake inakaza. Msimamo wangu mimi: wa kizimba mkaange, wa ziwani mchemshe na nyanya na vitunguu basi, viungo vingine vinamharibu.

Kitu kingine ambacho mgeni hakijui ni kwamba orodha ya chakula huku inapangwa na mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wavuvi wanawasha taa juu ya maji na dagaa wanaifuata. Mbalamwezi ikiwa kali taa haifui dafu, mitumbwi inapumzika. Kwa hiyo giza likiwepo, dagaa wabichi wapo, bei inashuka, na mayu anawakaanga wakavu na kitunguu. Mwezi ukijaa anapika maharage na majani ya kunde yaliyokaushwa, na asiyependa maharage anaanza kuuliza tarehe.

Sangara ni hadithi nyingine. Minofu yake inaingia viwandani na kupanda ndege kwenda kuliwa Ulaya, mabondo yanasafirishwa Asia kwa bei ambayo ukiambiwa unaomba urudiwe. Sisi tunabaki na kichwa. Msituonee huruma. Mkuyuni kuna supu ya kichwa cha sangara asubuhi, inachemka tangu alfajiri, na anayejua kula anaanza na mashavu, anafuata nyama ya nyuma ya macho, halafu ndiyo anagusa chapati. Ukifika saa nne unakuta sufuria linaoshwa. Na mapanki, ile mifupa inayobaki baada ya kiwanda kuchukua minofu, wapo wanaoyadharau. Yakaange vizuri yakauke, uone kama utaacha kitu.

Malimbe hali ni tofauti, kule mpishi anaangalia kalenda ya bodi ya mikopo. Tangu SAUT iwe chuo kikuu mwaka 1998, vibanda vya pale vimekuwa vikiishi kwa wanafunzi, na wanafunzi wanaishi kwa bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu. Bumu likitoka, mtaa mzima unanuka kuku. Meza zinajaa, soda zinafunguliwa mbili mbili, mtu anaagiza chipsi mayai na bado anaomba mishkaki juu. Wiki chache baadaye unawakuta walewale na wali maharage, tena wali robo, na wanaongea kwa sauti ya chini. Mpishi mmoja wa pale ana daftari la madeni, kubwa, jalada gumu, kila mwanafunzi na ukurasa wake. Nimemuuzia mimi. Na yeye ndiye mteja wangu pekee anayelipa bila kukumbushwa. Nadhani anajua uchungu wake.

Sasa hizi kafe. Zinaota kila kona: maua ya plastiki ukutani, taa za rangi, kiti cha bembea cha kupigia picha. Sina neno na maua. Neno langu ni kikombe. Nilikaa kwenye mojawapo, jina tuliache, nikaagiza kapuchino ya shilingi 6,000, yaani bei ya sato mkubwa wa Mkolani pamoja na mlenda. Ikaja vuguvugu, povu limeshalala, na chini kuna chembe za unga ambazo hazikukorogeka. Bukoba iko ng'ambo ya ziwa hili hili, usiku mmoja tu kwa meli, na kahawa inaota pale nyuma ya nyumba za watu. Tunashindwa nini? Yule binti aliyenihudumia alikuwa mpole sana, akaniuliza kama anipige picha kwenye bembea. Nikapiga.

Kahawa ya kweli naipata Butimba, kwa mzee wa Kihaya mwenye jiko la mkaa na mabenchi ya mbao chini ya mwembe. Anakaanga buni mwenyewe, anatwanga kwenye kinu, na harufu inakufikia kabla hujamwona. Ni robusta ile, chungu, inaamsha mpaka mawazo uliyokuwa umeyalaza. Kikombe kidogo, na karanga kwenye kipande cha gazeti. Pale ukikaa unasikia bei ya viwanja, nani amehama, timu yetu ya Pamba imefungwa ngapi. Anamwita kila mwanamke “dada”, hata wale wanaomzidi umri, na hakuna anayelalamika.

Buhongwa sikai sana kwa chakula cha mchana. Kwangu Buhongwa ni jioni, magari ya Shinyanga yanapita, vumbi limetulia, na majiko ya chipsi yanawaka mstari mzima. Tafuta anayemenya viazi mbele yako. Mishkaki ya pale ni ya ng'ombe wa usukumani, migumu kidogo, lakini pilipili inaituliza.

Zamani ningekuambia usogee mpaka Usagara halafu Kigongo, kwenye foleni ya kivuko. Pale watu walikaa saa nzima wakisubiri kuvuka kwenda Busisi, na kila kitu kiliuzwa dirishani kwa gari: sangara wa kukaanga, mahindi, mayai, ndizi. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 unavuka kwa dakika chache tu, na aliyekuwa anauza kwenye foleni inabidi atafute foleni nyingine. Mama niliyekuwa nikinunua kwake sangara amerudi Usagara, ameweka meza karibu na anapoishi. Samaki wake sasa ni wazuri zaidi kuliko alipokuwa kivukoni, na nimemwambia hivyo usoni. Alicheka, akasema kule hakuwa na muda wa kusubiri mafuta yapate moto, magari yalikuwa yakianza kupanda kivuko watu wanataka chenji.

Kama unataka kwenda Mkolani, nenda kabla ya saa saba, na uwe na noti ndogo maana mayu hana chenji na mtandao wa kutuma pesa pale chini ya jiwe unasumbua. Jumamosi usihangaike, yeye ni Msabato, utakuta benchi limepinduliwa. Jumapili yupo, na siku hiyo anapika na ndizi.