Picha ya Tarehe Nane

Joho la umeya nililokabidhiwa lilishonwa kwa ajili ya mtu mrefu. Aliyenitangulia alikuwa mlingoti wa bendera. Mimi nikilivaa, upindo wake unafagia sakafu. Siku ya kuapishwa nililikanyaga kwenye ngazi ya pili ya jukwaa, nikapiga goti mbele ya madiwani wote, mkufu ukanigonga kidevuni. Watu walicheka kidogo, kisha wakapiga makofi mengi kunifichia aibu. Jioni yake nilimwita afisa habari nikamwambia picha ile ya ngazi aifute. Akaifuta nikiwa nimesimama nyuma ya bega lake. Naomba msomaji uishike hiyo, nitairudia.

Mji wenyewe ndio nilikozaliwa. Wenzangu waligombea kwa mitaro na taa za barabarani. Mimi niligombea kwa kusoma. Nilikuwa nimefundisha miaka mingi, na katika kufundisha nilikuwa nimeugua ugonjwa wa kupenda maneno makubwa. Ningeweza kukutajia tume ya Edgar Faure, ile iliyoiambia UNESCO, shirika la elimu la Umoja wa Mataifa, mwaka 1972 kwamba elimu isiwe ya utotoni tu bali ya maisha mazima, kabla hujamaliza kunisalimia. Nilijua kwamba mji wa Kakegawa huko Japani ulijitangaza mji wa kujifunza maisha yote tangu 1979. Zaidi ya yote nilikuwa na mji wa Medellín, Kolombia, kichwani: Sergio Fajardo, mwanahisabati, anakuwa meya mwaka 2004, anapeleka maktaba za kupendeza kwenye vitongoji maskini vya mlimani. Nami ni mwalimu wa hesabu. Utaona mwenyewe mahali fikra zangu zilipokuwa zikielekea.

Pesa ya maktaba ya mlimani haikuwepo, na mlima pia haukuwepo. Tulichopata ni chumba nyuma ya ukumbi wa baraza, stoo ya masanduku ya kura. Tukaitoa vumbi, tukaweka mabenchi na ubao, tukamwomba mwalimu mmoja mstaafu aje jioni tatu kwa wiki. Watu wakaja 14, kati yao 11 wanawake. Vijana wa mtaani waliliita darasa la ngumbaru, na walilitamka hivi kwamba hata asiyehusika anainamisha kichwa.

Yule mwalimu alikuwa fundi kweli wa kazi yake. Kitabu cha a-e-i-o-u hakukigusa. Alisema kila mtu aje na karatasi inayomsumbua nyumbani. Wakaja na bili za maji, kadi za kliniki, barua ya mahakama iliyokuwa imekunjwa mpaka mikunjo ikatoboka. Somo likaanzia hapo. Aliniambia kwamba Paulo Freire, mwelimishaji wa watu wazima, alifanya hivyohivyo mjini Angicos, Brazili, mwaka 1963, akachukua maneno ya kazini na majumbani mwa wafanyakazi 300, na kwa takriban saa 40 za darasa wakawa wanasoma. Mimi nikaandika 300 na 40 kwenye daftari langu. Tarakimu nilikuwa nikizipenda sana wakati ule.

Benchi la nyuma, karibu na mlango, alikaa fundi cherehani mmoja wa makamo ya mama yangu. Tulimwita Mama Fundi tangu utoto wetu. Alikuwa na miwani. Baadaye ndipo nilipojua kwamba miwani ile haikuwa na kazi yoyote ila kusahauliwa: mtu akimpa karatasi, anapapasa kifuani, anasema, "Ala, miwani nimeiacha nyumbani, hebu nisomee." Miaka yote hiyo. Watoto wake wenyewe waliamini mama macho hayamsaidii. Kilichomleta darasani ni simu. Wateja walikuwa wameanza kumtumia vipimo kwa ujumbe, kifua hiki, kiuno hiki, mkono huu, naye hana wa kumsomea bila kujulikana.

Wiki ya tatu aliandika jina lake lote. Nilikuwepo. Chaki aliishika kama anavyoshika sindano, kwa ncha za vidole vitatu, karibu sana na ubao, na kila herufi aliivuta polepole kama anayeogopa uzi usikatike. Alipomaliza hakucheka wala hakugeuka. Alifuta kwa kiganja, akaandika tena.

Hapo ndipo nikaharibu.

Tarehe 8 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Kusoma na Kuandika. UNESCO imeiadhimisha tangu 1967. Nikaona ndiyo siku yetu. Nilikuja na joho na mkufu, nyuma yangu afisa habari na kamera yake, na bango la kitambaa lililosema kwa herufi za urefu wa mkono ELIMU YA WATU WAZIMA, likafungwa juu ya mlango upande wa barabara kuu. Nilitoa hotuba. Nilisema duniani wapo watu wazima zaidi ya milioni 700 wasiojua kusoma, na karibu theluthi mbili yao ni wanawake, jambo ambalo ni kweli, nikawatazama waliokuwa mbele yangu kana kwamba nao ni sehemu ya hesabu. Kisha nikamwita Mama Fundi ubaoni. Akasita. Nikamshika mkono, nikacheka kwa sauti ya kiongozi, nikasema, "Njoo, Mama, usiogope." Akaja. Akaandika jina lake. Mimi nikasimama kando, kidole kikielekeza ubao, na kamera ikalia.

Maneno ya chini ya picha niliyaandika mwenyewe. Nasema hivyo ili lawama isitafutiwe mwenyewe mwingine. Niliandika kwamba baada ya maisha yote gizani, fundi maarufu wa mji wetu ameiona nuru. Gazeti likaichapa ukurasa wa tatu, na siku hiyo nilinunua nakala nne.

Jumatatu iliyofuata darasani walikuja watano. Jumatano wanne. Nikadhani ni mvua. Mwalimu mstaafu alikuja ofisini kwangu, hakukaa kwenye kiti nilichomwonyesha. "Mstahiki Meya," akasema, "umewaanika." Akaondoka.

Nilikaa na neno hilo siku mbili. Siku ya tatu nikakunja joho, nikalitia kwenye mfuko, nikaenda kwa Mama Fundi kwa miguu. Nilijiambia naenda kulipunguza urefu.

Karakana yake ni chumba kimoja chenye cherehani mbili. Ukutani palikuwa na misumari mingi, na kila msumari umening'inizwa kamba nyembamba, nyingine tatu, nyingine kumi, zenye vifundo. Nimeingia chumba kile tangu nina miaka sita na sikuwahi kujiuliza zile kamba ni za nini. Nilimwamkia, akaitikia. Akautazama mfuko.

"Umekuja kwa joho au umekuja kwa picha?"

Nikasema nimekuja kwa picha.

"Basi joho liweke pale. Simama."

Nikasimama katikati ya chumba. Akachukua kamba mpya, akaizungusha kifuani mwangu, akafunga kifundo. Akashuka kiunoni, kifundo. Bega hadi kiwiko, kiwiko hadi kifundo cha mkono. Alifanya kazi na kuongea, bila kuniangalia usoni. Kila mteja ana kamba yake, alisema, na mwisho wa kamba hufungwa kipande cha kitambaa cha nguo yake ya kwanza, ndipo anamjua nani ni nani. Akanyoosha mkono kwenye msumari wa pembeni, akanishushia kamba fupi iliyopauka, yenye kipande cha rangi ya sare ya shule. "Hii yako. Darasa la kwanza. Mamako alitaka ikae miaka miwili, nikaacha upindo mkubwa."

Kamba ile ilikuwa fupi ajabu. Sikuwa na la kusema.

Akaendelea. Tangu picha itoke, mteja mmoja wa siku nyingi amekuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa. Alisimama pale pale niliposimama mimi, akauliza: kama husomi, vipimo vyangu umekuwa ukiviandika wapi? Na mjukuu wake ameulizwa shuleni kama ni kweli bibi yake alikuwa gizani. "Gizani," alirudia, akivuta kamba mgongoni mwangu kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. "Nimewavisha mji mzima nikiwa gizani."

Nilianza kuomba radhi. Nilikuwa nimeipanga njiani, ilikuwa na mwanzo na kati na mwisho. Akanikata.

"Mwanangu, mimi nilikuwepo siku ile ya kiapo. Nilikaa safu ya tano. Ile picha yako ya ngazi mbona sikuiona gazetini?"

Cherehani ya pili ilikuwa ikiendeshwa na msichana anayejifunza kazi. Nilisikia mguu wake umesimama kwenye kanyagio.

Nikasema niliifuta.

"Eeh," akasema. Akafunga kifundo cha mwisho. "Kumbe unajua."

Darasani kwenye ile stoo hakurudi. Alinipa masharti, na aliyatoa kama anavyompa mteja siku ya kuchukua nguo, bila mapatano. Bango lishushwe leo. Mwalimu aje hapa karakanani, usiku, baada ya kazi, mlango umefungwa. Atakayekuja ataonekana amekuja kupima nguo, na asiulizwe. Wanaume wapate siku yao na mahali pao. "Na wewe usije," akamalizia. "Hata kusalimia."

Bango nililishusha mwenyewe jioni hiyo, kwa ngazi ya kuazima. Mkurugenzi wa halmashauri alilalamika, na kwa haki yake: mwalimu analipwa na umma kufundisha kwenye chumba cha mtu binafsi, mahudhurio hayasainiwi, mkaguzi wa hesabu akija tumwonyeshe nini? Tulibishana vikao viwili. Mwishowe tukakubaliana mwalimu ataandika idadi tu, bila majina. Madarasa ya namna hiyo yakaongezeka, moja gereji, moja kwenye chumba cha mapumziko cha wafagiaji wa soko, na nikikuambia nilikuwa na mpango mkubwa nyuma yake nitakuwa nakudanganya. Watu waliomba, tukawapelekea mwalimu.

Miaka miwili baadaye tuliomba kujiunga na mtandao wa UNESCO wa miji inayojifunza, unaoratibiwa na taasisi yao iliyoko Hamburg. Una miji zaidi ya 300. Maombi hupitia tume ya taifa ya UNESCO, na meya hutia sahihi. Nilisoma tena Azimio la Beijing la 2013, lile lililotoka kwenye mkutano wa kwanza wa miji hiyo, linalotaka kujifunza kufufuliwe majumbani na kazini na si shuleni peke yake. Safari hii nililisoma polepole. Afisa habari akaniuliza tuambatanishe picha gani. Akanifungulia kompyuta, akashuka na kipanya mpaka nikaiona: mimi na kidole changu, Mama Fundi na chaki, macho yake si ya mtu aliyeiona nuru hata kidogo. Sijui niliikosaje mara ya kwanza. Nikamwambia apige picha ya mabenchi. Akauliza, yakiwa na nani? Nikasema yakiwa yenyewe.

Joho lilikuwa limerudi wiki moja tu baada ya siku ile ya kamba, upindo umepanda, umeshonwa kwa mkono. Alinitoza bei kamili.

Usiku mmoja wa mwaka ule wa kwanza nilichelewa kikaoni nikarudi nyumbani kwa miguu. Njia inapita mbele ya karakana yake. Mlango ulikuwa umefungwa, dirisha limezibwa kwa khanga, mwanga unatoka chini ya mlango kama utepe. Nilisikia mwalimu akisoma ujumbe wa mteja, "kifua tisini na nne," na sauti za wanawake zikirudia, mmoja akakosea, wakacheka, cheko la watu wasiotazamwa. Mguu wangu ulikuwa umeshapanda kizingitini. Nikaushusha, nikavuka ng'ambo ya barabara, nikapita upande wenye giza.