Nilivyofundisha utawala wa Delhi kwa kisado cha kunde

Mara ya kwanza nilipowafundisha watoto wa madrasa yetu habari za masultani wa Delhi, watawala wa India ya zamani, wawili walilala na wa tatu alichora pikipiki. Siwalaumu. Niliandika ubaoni Iltutmish, 1211 hadi 1236. Alauddin Khalji, 1296 hadi 1316. Muhammad bin Tughluq, 1325 hadi 1351, basi. Mmoja akauliza, "Maalim, sultani yuko Delhi. Huko mbali anajuaje kama wanamtii?" Sikuwa na jibu la maana. Nikasema tutaliona wiki ijayo.

Jumamosi nikaja na kisado cha kunde.

Mmoja nikamfanya sultani, akakaa barazani. Wanne nikawapa iqta: huyu mwembeni, yule kisimani, wengine nyuma ya darasa. Iqta haikuwa shamba la mtu, ilikuwa haki ya kukusanya kodi ya eneo. Mwenye nayo, mukti, huwalipa askari wake humo humo, kinachobaki anakipeleka Delhi. Waliosalia wakawa wakulima, kila mtu punje ishirini. Karibu na Delhi Alauddin alitoza nusu ya mavuno, nasi tukatoza kumi. Manung'uniko yakaanza pale pale.

Mukti wa mwembeni alileta punje tatu. "Askari wangu wengi, maalim." Nikaenda kuwahesabu: wawili, na mmoja wao kaazimwa kisimani! Somo hilo nisingeweza kulipanga mwenyewe. Masultani waliibiwa vivyo hivyo, farasi mmoja anaonyeshwa mara mbili, askari hewa analipwa. Ndipo Alauddin akaamuru farasi wapigwe chapa ya moto, na sura ya kila askari iandikwe daftarini. Sultani wetu hakungoja nimwambie hayo. Alimhamisha wa mwembeni kisimani na wa kisimani mwembeni, kila mtu aanze upya kwa wageni. Iltutmish naye alikuwa akiwahamisha, wasije wakaota mizizi.

Tukaingia kwenye barua. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyepita Kilwa mwaka 1331 kisha akawa kadhi Delhi, anaeleza kwamba wakimbiaji walipangwa kila theluthi ya maili, barua mkono mmoja, mkono wa pili fimbo yenye njuga za shaba. Wa mbele akisikia njuga, anajifunga kibwebwe. Safari ya siku hamsini kutoka Sindh (leo iko Pakistan) hadi Delhi, barua ilikwenda kwa siku tano. Njuga hatuna, nikafunga funguo zangu kwenye mpini wa ufagio. Walizunguka msikiti kwa kelele hadi mwadhini akatoka kuuliza kuna nini.

Mwisho nikaleta sarafu za Muhammad bin Tughluq, zile za shaba alizotaka zipokewe kwa thamani ya sarafu za madini ya fedha. Zangu nilizikata kwenye boksi la sabuni, kila moja punje tano. Nilikwenda kunywa maji tu. Kurudi, boksi limekwisha, na kila mkulima ana fungu la sarafu. Delhi nako watu walizighushi majumbani, sultani akalazimika kuzikomboa kwa fedha halisi.

Wa kwetu naye alikomboa, punje tano tano, kisado kikabaki kitupu. Nyumbani nikaulizwa kunde za futari ziko wapi.