Chui wa Tingatinga ndani ya pikseli 32

Mtu akitaka gemu yake ionekane ya kwetu, mara nyingi huingia mtandaoni, akachukua picha ya mchoro wa Tingatinga, akamkata chui na kumbandika kwenye skrini. Matokeo huwa mabaya, na ubaya wenyewe una sababu: amechukua sura ya kazi, akayaacha masharti yaliyoizaa. Chui yule ana madoa yale na jicho lile kubwa kwa sababu ya aina ya rangi na aina ya ubao. (Tena mchoro ule una mwenyewe, pengine yuko hai na anauza kazi zake. Kumkata chui wake ni wizi, tusiupambe kwa jina la msukumo.)

Tuanze na ubao. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, akafariki 1972. Mtindo unaobeba jina lake ulizaliwa katika miaka michache tu. Alichorea hadibodi, vipande vya mraba vya takribani sentimita 60 kwa 60, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli. Ni rangi nzito, hukauka polepole, na haipendi kukutana na mwenzake ikiwa mbichi: paka njano kando ya nyeusi ambayo haijakauka, mpaka wote unageuka tope. Kwa hiyo mchoraji hupaka mandhari, akasubiri. Hupaka umbo la mnyama kwa rangi moja bapa, akasubiri tena. Ndipo huja madoa, kisha mistari ya ukingo, na jicho mwishoni. Kivuli cha kuonyesha unene wa paja hakimo, maana kingehitaji rangi mbili zichanganyike juu ya ubao. Kazi ya kivuli imefanywa na nukta. Siku hizi wengi wanatumia turubai, ambayo mtalii anaweza kuikunja akaitia kwenye begi, na mandhari yao hufifia taratibu kutoka rangi moja hadi nyingine, lakini utaratibu ni uleule: mandhari yakauke kwanza, mnyama baadaye.

Mashine ya gemu ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983 ilikuwa na ubahili wa namna hiyo hiyo. Skrini yake ni pikseli (yaani vijiraba vidogo vya rangi) 256 kwa 240, imejengwa kwa vigae vya 8 kwa 8. Kila eneo la mandhari la 16 kwa 16 hupewa rangi nne tu, na moja kati ya hizo ni ya skrini nzima. Spraiti, yaani kile kinachotembea juu ya mandhari, ina rangi tatu pamoja na uwazi. Spraiti zikizidi nane kwenye mstari mmoja wa skrini, ya tisa haionekani, ndiyo maana gemu za zamani zinapepesa wahusika wakisongamana. Kabla ya hapo, mwaka 1981, mbunifu wa Nintendo, Shigeru Miyamoto, alimchora Mario kwa gemu ya Donkey Kong akiwa na nafasi finyu vilevile. Kofia ilimwondolea shida ya kuchora nywele, masharubu yaliitenga pua na mdomo usiochoreka, na ovaroli ilifanya mikono ionekane inapopunga. Katika Super Mario Bros. ya 1985, wingu na kichaka ni umbo moja lililobadilishwa rangi.

Masharti kama hayo huweza hata kuugeuza mradi mzima. Gemu ya Ōkami ya 2006 ilianza na ndoto ya picha zinazofanana na uhalisia, mashine ya PlayStation 2 ikalemewa, wasanii wakaingia kwenye uchoraji wa wino wa Kijapani, na mwishowe brashi yenyewe ikawa silaha ya mchezaji. Mbunifu Fumito Ueda naye alichora kwa mkono jalada la gemu yake Ico ya 2001, lile la Japani na Ulaya, akimfuata mchoraji Giorgio de Chirico: kivuli kirefu, matao, na watu wadogo katika uwanja mtupu. Gemu ya Monument Valley ya 2014 ilichukua kwa M. C. Escher, mchoraji wa majengo yasiyowezekana, jambo la kijiometri kabisa. Kamera yake haina upeo, yaani kitu cha mbali hakipungui ukubwa, hivyo ncha mbili za daraja zilizo mbali kwa kina zinaweza kugusana machoni. Ukijaribu kitu kama hicho, chunga vivuli. Kivuli kimoja tu kikianguka mahali pake pa kweli, daraja zima linaumbuka.

Sasa chui, ndani ya mraba wa pikseli 32 kwa 32. Chukua paleti, yaani seti, ya rangi tatu: nyeusi, njano, nyeupe, na uwazi kuwa ya nne. Mnyama wa Tingatinga hujaa ubao, kwa hiyo acha pikseli moja tu kila upande, ubaki na 30 kwa 30. Kiwiliwili, bila mstari wa ukingo, kiwe 20 kwa 10. Kichwa ni 10 kwa 10, kikipanda juu ya kifua kidogo. Miguu ishuke pikseli 10, kila mmoja unene wa 3. Mkia upinde juu ya mgongo kwa unene wa 2, kwa sababu mkia wa pikseli moja hupotea mara tu mandhari yanapoanza kusogea. Mwili ukae upande, uso ugeuke umtazame mchezaji. Kamilisha umbo lote kwa nyeusi tupu kabla ya kuweka rangi nyingine yoyote, kisha lipunguze hadi nusu ya ukubwa. Ukiona mbuzi, tatizo liko kwenye shingo na mgongo, na madoa hayatakuokoa.

Madoa ndiyo yanayowashinda wengi. Doa la pikseli moja linaonekana kama uchafu wa skrini, na la 2 kwa 2 linamfanya chui awe duma. Linalofaa ni kipete cha 3 kwa 3 chenye njano katikati. Kwenye kiwiliwili cha 20 kwa 10 vinaingia vipete saba: safu ya juu vinne, vikiachana pikseli 2, na safu ya chini vitatu vilivyosogezwa pikseli 2 au 3 ili visisimame wima kama vifungo vya shati. Bakisha pikseli moja ya njano kati ya kipete na ukingo. Vikigusana, nyeusi inaungana na nyeusi na chui anaonekana amemegwa. Usijaribu kuvipinda vifuate mzunguko wa tumbo, maana ubapa huo ndio mtindo wenyewe. Jicho ni 3 kwa 3, nyeupe pembeni, nyeusi katikati. Kwa kichwa cha ukubwa huo ni jicho kubwa kupita kiasi, na ndivyo litakiwavyo.

Kutembea kunahitaji fremu nne, yaani picha nne zinazofuatana. Mguu ukikanyaga mwili uko chini, miguu ikipishana mwili unapanda pikseli moja. Kosa la kawaida ni kuchora madoa upya kwenye kila fremu: yanahama kidogo kidogo, na chui anaonekana amejaa siafu. Yaweke kwenye tabaka lake, tabaka lote lipande na kushuka pamoja na kiwiliwili, uchore upya miguu pekee. Kila fremu ikae vipigo 8 kwenye skrini ya vipigo 60 kwa sekunde (kila kipigo skrini huchorwa upya), hatua mbili zitamalizika kwa zaidi kidogo ya nusu sekunde. Kisha piga hesabu ya mwendo. Ikiwa mguu uliokanyaga unarudi nyuma pikseli 8 katika fremu mbili, yaani vipigo 16, mnyama lazima asonge pikseli 30 kwa sekunde. Mwandikie programu asonge 50, atateleza kama aliyekanyaga sabuni. Wachezaji huona kasoro hii hata wakishindwa kuitaja.

Kwenye mandhari, hapa lazima umkatalie Tingatinga jambo moja. Ubao wa mchoraji unaweza kujazwa ndege, majani na nukta mpaka kona ya mwisho kwa sababu mtazamaji ana muda wa kusimama. Mchezaji hana. Jaza mandhari hivyo na chui wako atamezwa. Weka mandhari kwenye rangi mbili zilizo jirani, mathalani bluu mbili au machungwa mawili, kisha igeuze skrini nzima kuwa ya kijivu. Kama chui haonekani kwenye kijivu, kuongeza ukali wa njano hakutasaidia, kwa kuwa kinachokosekana ni tofauti ya mwanga na giza. Kama kuna mti nyuma yake, ufifishe au uuondoe.

Kuhifadhi: faili la aina ya PNG, kamwe si JPEG, ambayo huzungusha ukungu wa rangi ngeni kwenye kila ukingo mweusi. Chora gemu nzima kwenye skrini ya 320 kwa 180, ambayo ikizidishwa mara 4 inatoa 1280 kwa 720 na mara 6 inatoa 1920 kwa 1080. Ukikuza mara mbili na nusu, pikseli nyingine zitakuwa na upana wa 2 na nyingine 3, na vipete vyako saba vitatoka kila kimoja na sura yake. Zima pia ulainishaji wa picha, ambao injini nyingi za gemu (programu za kuundia gemu) huuwasha bila kukuuliza.

Linabaki sanduku la maneno ya wahusika, na hapo mwalimu ni kanga. Kanga ina pindo linalozunguka, mji katikati, na jina chini ya mji. Fundi wa gemu anaitambua mara moja: ni picha ya vipande tisa. Tengeneza picha ya 48 kwa 48, uigawe vipande vya 16. Kona nne hazibadiliki, pande nne zinajirudia, cha katikati kinajaza. Pande zijirudie, zisivutwe. Korosho ya pindo ikivutwa inakuwa ndizi. Upana wa sanduku uwe kigawe cha 16, la sivyo ua la mwisho la pindo linakatwa katikati, jambo ambalo hakuna mwenye macho atalisamehe.

Na Kiswahili kina maneno marefu. Sanduku la upana wa pikseli 160, ukiondoa pindo la 16 kila upande, linabaki na 128, sawa na herufi 16 za pikseli 8. Neno "hawatatufungulia" lina herufi 16. Linaingia kamili, na nukta yake inaangukia mstari wa pili peke yake. Tumia herufi zenye upana tofauti, i na l zikipewa pikseli 4, au uiambie programu ikate neno baada ya irabu: hawatatu-, kisha fungulia.