Silabi moja ya bibi

Jana hapa Wete, Pemba, tumefungua kasha la marehemu bibi. Chini ya doti za kanga ambazo hajapata kuzivaa kulikuwa na karatasi, mistari miwili kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuo cha Kurani:

Jamvi limebaki letu, karafuu zimekwisha
Ningali…kupenda tu, moyo haujanichosha

Hapo penye nukta karatasi imekatika kwenye mkunjo. Mama akasoma "ningalikupenda", akaikunja, akaenda zake jikoni. Nilimwelewa. Ningalikupenda ni neno la majuto: ningalikupenda, ila haikuwa. Alimfikiria babu, na miaka yote waliyoishi pamoja.

Usiku sikupata usingizi, nikawa nahesabu mizani, yaani silabi za kila mstari, kwa vidole. Shairi hili ni la mizani 16, 8 ukwapi, nusu ya kwanza ya mstari, na 8 utao, nusu ya pili. "Jamvi limebaki letu", 8. "Karafuu zimekwisha", 8. "Moyo haujanichosha", 8. Halafu "ningalikupenda tu", 7.

Bibi hakuwa mtu wa kupunguza mizani. Silabi iliyoliwa na mkunjo ni "na". Ningali nakupenda tu. Bado anapenda!

Nikaurudia mstari wa kwanza, sasa kwa jicho jengine. Karafuu zikishakauka na kutiwa magunia, jamvi huwa tupu. Sisi wajukuu tumelikalia sana jamvi lile tukichambua vikonyo, mikono ikinuka mpaka usiku. Wachumaji wakishalipwa huondoka, na fedha nazo huondoka upesi. Mwengine angesema limebaki tupu. Yeye kasema letu. Kweli kina, ile silabi ya mwisho inayofanana, kilitaka "tu", lakini maneno yenye "tu" ni mengi, naye kachagua hili linalohitaji watu wawili.

Na ile "haujanichosha" ndiyo iliyonikalisha kitako kitandani. Angeweza kuandika "haukunichosha", mizani ni ile ile. Lakini hilo lingekuwa la mtu aliyekwisha maliza safari, anatazama nyuma. Kwa "ja" bibi yumo njiani bado, hajui kesho, wala haapi. Pia kakiri, kwa upole, kwamba moyo ni kitu kinachoweza kumchosha mwenyewe.

Asubuhi nimemweleza Mama alipokuwa akipepeta mchele. Hakunijibu. Kaweka ungo chini, kakunjua vidole, kahesabu polepole mpaka 8, kisha kaniambia, "Hebu nipe hiyo karatasi, mwanangu."